Gari la kiraia, vimulimuli vya bluu na nyekundu nyuma yako usiku: unajuaje kama ni polisi kweli?

Mto Wami (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Wiki iliyopita natoka Morogoro kurudi Dar, peke yangu, saa tano usiku. Nimeshaipita Chalinze, nashangaa kioo cha nyuma kimejaa bluu na nyekundu. Prado nyeusi, vioo vya giza, namba za njano za kawaida kabisa kama zangu. Ananiwashia full, anapiga honi, ananipungia mkono nisimame. Hakuna king'ora, hakuna maandishi ya polisi popote. Nikapunguza mwendo lakini sikusimama mpaka nilipofika mizani ya Vigwaza penye malori na taa. Jamaa wakanipita wakaenda zao.

Mpaka leo sijui walikuwa nani. Mama watoto anasema nimejitafutia kesi, mdogo wangu anasema nimeokoka. Sitaki hadithi za "mimi ningewaonyesha". Nataka kujua kitu kimoja tu: ile dakika ya kwanza kabla hujasimama, unatofautisha kwa lipi?

Nawasilisha.

KijanaWaChanika

Ungesimama tu mkuu. Wangekuwa majambazi, huu uzi angeuleta mama watoto.

fundi_gerezani

Mimi naongea kama mtu anayevifunga hivyo vitu. Niko Gerezani, umeme wa magari ndiyo ugali wangu.

Vimulimuli vinauzwa Kariakoo waziwazi na hakuna muuzaji anayekuuliza wewe ni nani. Kuna vya aina mbili. Kuna cha kubandika kioo cha mbele kwa ndani, kina vikombe vya mpira vya kunyonya, na waya wa kujikunjakunja unaochomeka kwenye tundu la kiberiti. Halafu kuna vya kufunga nyuma ya grili, vina kisanduku chake cha kubadilisha mipigo. Kile cha kunyonya kioo ukikiangalia vizuri utakijua, maana mwanga unarudi ndani: unaona dashibodi na uso wa dereva vinawaka bluu, vinazima, vinawaka nyekundu. Dereva mwenyewe haoni mbele vizuri.

Ila msijidanganye kwamba hiyo ndiyo alama ya jambazi. Wateja wangu wengi si majambazi. Ni watoto wa mjini wanaotaka foleni ya Mwenge iwapishe, wenye misafara ya harusi, na wale wenye "unanijua mimi ni nani". Na makachero ninaowafahamu mimi wanaendesha IST iliyochoka isiyo na taa ya ziada hata moja. Trafiki walipotangaza kuvua vimulimuli na ving'ora kwenye magari ya watu binafsi nilikula pesa ya kufungua, halafu nikala ya kufunga tena ndani zaidi visionekane mchana.

Kwa hiyo mleta uzi, taa inakwambia kitu kimoja tu: mwenye gari alikuwa na hela ya taa na ya fundi.

KijanaWaChanika

Fundi, hivyo vya ndani zaidi unafunga bei gani? Naulizia rafiki.

fundi_gerezani

Mwambie rafiki aje na barua ya mwajiri wake.

Nyayo za Lori

Mto Wami ulifanya sawasawa, na huko chini kusini wenyewe wana utaratibu kabisa wa hicho ulichokifanya kwa kubahatisha.

Mimi napeleka mzigo mpaka Johannesburg: Tunduma, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge, halafu unaingia N1, barabara kuu yao. Afrika Kusini huu ujambazi ni wa siku nyingi, wana mpaka jina la magenge yake, "blue light". Gari la kiraia, taa ya bluu kwenye kioo, jamaa wamevaa vizibao vilivyoandikwa polisi. Wanasimamisha lori la mzigo wa thamani, au wanamfuata mtu aliyetoka uwanja wa ndege wa O.R. Tambo. Kwa kuwa polisi wa kweli nao wanatumia magari ya kiraia yenye taa hizohizo, walilazimika kuwafundisha madereva cha kufanya.

Kinafanyika hivi. Unapunguza mwendo pale pale, usisubiri. Unawasha hazadi. Halafu unatoa mkono wa kulia dirishani, unaunyoosha na kuonyesha mbele, maana yake "nimekuona, nifuate, nasimama huko mbele". Unaenda polepole mpaka kituo cha polisi kilicho karibu au sehemu yenye watu na taa. Ukiwa na mtu pembeni anapiga 10111, namba ya polisi ya kule. Polisi wa kweli wanajua maana ya mkono ule. Jambazi naye anajua, ndiyo maana wengi huwa wanakata kona na kupotea.

Siri ya pale ni mwendo. Ukiongeza mwendo hata kidogo wewe ni mkimbizi. Ukipunguza, kila mwenye macho anaona hukimbii.

Mto Wami

Mkuu Nyayo, huo mkono trafiki wa kwetu ataelewa, au ataona nampa ishara ya matusi?

Nyayo za Lori

Mkono si lazima auelewe. Hazadi na mwendo mdogo haviwezi kumpita.

Mzee Kombati

Nimekaa kimya nasoma. Nimelitumikia jeshi la polisi mpaka nikastaafu, mengi ya miaka hiyo barabarani, kwa hiyo niwape upande wa pili.

Kwanza, trafiki wa Tanzania kazi yake haifanyi kwa kukufukuza na Prado. Trafiki ni nguo nyeupe, amesimama barabarani, ananyoosha mkono. Ukizidisha mwendo kwenye 50, yule mwenye tochi kajificha nyuma ya mwembe, anakupiga picha, anaituma kwa simu, na anayekusimamisha yuko kilomita kadhaa mbele akiwa na picha yako tayari. Hata ukipitiliza hakukimbilii, anawapigia wa mbele. Usipokamatwa kabisa, deni linaandikwa kwenye gari. Ukiingiza namba yako kwenye mfumo wa polisi wa madeni unalikuta limelala pale linakusubiri, 30,000 kwa kosa, na unalipa kwa control number. Hakuna sababu ya mtu wa trafiki kuhatarisha roho yake kukuziba njia usiku.

Pili, mtu wa nguo za kiraia hashughuliki na mwendokasi wako. Kachero ana kesi, ana jalada, ana RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Akikusimamisha mtu wa kiraia halafu mazungumzo yakaanza na "ulikuwa unakimbia sana", au "leta leseni na kadi ya gari tuyamalize hapa", hapo tayari kuna kitu hakijakaa sawa. Jambazi ndiye anayechanganya kazi mbili, kwa sababu anatafuta sababu yoyote ya kukutoa garini.

Tatu, nawaomba msikimbie. Sisemi kwa kutisha. Askari wa kweli anayefuatilia gari la wizi akiona umekanyaga mafuta, kwake umeshajibu swali. Hapo ndipo risasi zinapotoka, na baadaye ni tume na maelezo, wewe haupo.

Bint Tanga

Mzee Kombati shikamoo. Nakuheshimu, ila unaongea kama vile tatizo letu ni majambazi wenye taa peke yake.

Novemba 2024 pale Kiluvya sote tuliiona video ya jaribio la kumteka mtu. Raum, siyo Prado. Hakuna kimulimuli, hakuna sare. Pingu, na wanaume wanamsukuma mwenzao aingie garini mbele za watu. Kilichomwokoa ni kukataa kuingia, kung'ang'ania mlango na kupiga kelele huku simu zikirekodi. Watu wakakamatwa baadaye na kupelekwa mahakamani. Na miezi miwili kabla ya hapo, Septemba 6, Ali Kibao wa CHADEMA alishushwa na watu wenye silaha kwenye basi la kwenda kwetu Tanga, pale Tegeta, abiria wote wakiangalia. Mwili ukapatikana Ununio. Rais aliagiza uchunguzi.

Sasa abiria wa lile basi wangeuliza RB namba ngapi?

Mzee Kombati

Marahaba binti. Umeongea kweli na sina la kulifunika. Kwenye basi lile hakuna swali ambalo lingesaidia. Ninachokizungumza mimi ni gari barabarani, ambapo usukani bado uko mikononi mwako na mlango umefungwa. Ukishashuka, ninayoyajua mimi yanapungua sana.

Wakili wa Benchi la Nyuma

Niongeze upande wa sheria kwa kifupi, kwa sababu barabarani usiku sheria ni ya kukumbuka, si ya kuhutubia.

Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, anayekukamata anapaswa kukwambia unakamatwa kwa kosa gani. Una haki ya kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Na ndani ya saa 24 ufikishwe mahakamani, au uachiwe kwa dhamana pale inaporuhusiwa. Kujifanya mtumishi wa umma ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa hiyo hata yule wa msafara wa harusi anayesimamisha watu kwa taa ya fundi wetu hapo juu ajue anacheza na nini.

Kwa vitendo, maswali yenye faida ni haya, ukiwa ndani, kioo kimeshuka vidole viwili, sauti ya upole: afande unatoka kituo gani? Mkuu wa kituo chako ni nani? Naomba kuona kitambulisho chako. Tunaenda kituo gani, ili nimwambie ndugu yangu? Hilo la mwisho ndilo kubwa. Askari mwenye kazi halali hapotezi kitu kwa kukutajia kituo. Asiyeweza kutaja kituo anachokupeleka, amekujibu.

Na usimnyang'anye kitambulisho kukikagua. Soma jina na namba, vitamke kwa sauti, simu ikiwa hewani na mtu wa nyumbani.

Karanja wa Rongai

Salamu kutoka Kenya. Huku ukiona Subaru yenye vioo vyeusi inakufuata, kwanza unaomba Mungu, halafu ndiyo unafikiria. Tuna karao (polisi) wa kweli wanaoendesha Subaru na Probox zenye namba za raia, na tuna wakora (wahalifu) wanaojua hivyo. Kikosi maalum cha DCI, idara ya upelelezi ya huku, kilichokuwa kinatajwa sana kwa mambo ya watu kupotea, SSU, Ruto alikivunja Oktoba 2022. Magari ya aina hiyo hayakuisha barabarani.

Mwezi huohuo, usiku wa tarehe 23, mwanahabari wa Pakistan, Arshad Sharif, alipigwa risasi na polisi kwenye kizuizi huko Kajiado. Polisi walisema gari lake halikusimama na walidhani ni gari lililoibwa. Julai 2024 Mahakama Kuu kule Kajiado ikasema kumpiga risasi kulikuwa kinyume cha sheria, ikaamuru familia ilipwe shilingi milioni 10 za Kenya. Lakini mtu ameshaenda.

Kwa hivyo mimi namuunga mkono mzee. Kizuizi chenye watu wa sare, simama. Gari la nyuma lisilo na alama, hazadi na twende kituoni. Hivyo ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya. Na Katiba yetu Kifungu cha 49 kiko karibu sawa na alivyosema wakili: uambiwe sababu mara moja kwa lugha unayoelewa, uongee na wakili, korti ndani ya saa 24.

Mnyalu wa Minneapolis

Wapo wanaodhani Ulaya na Marekani hili limetatuliwa. Ngoja niwaambie la mtaani kwangu, hapa Marekani.

Juni 14, 2025, usiku wa manane, mtu anaitwa Vance Boelter alizunguka vitongoji vya hapa na SUV nyeusi yenye taa za dharura, kibao cha namba kimeandikwa "police", kizibao, silaha, na kinyago cha mpira usoni. Aligonga milango ya wanasiasa akijitangaza kuwa polisi. Alimpiga risasi seneta John Hoffman na mkewe, wakapona, halafu akamuua Melissa Hortman, aliyewahi kuwa spika wa bunge la jimbo, pamoja na mumewe.

Sasa sikilizeni hapa. Katikati ya hayo, kule New Hope, askari wa kweli aliyetumwa kumwangalia mwanasiasa mwingine alikuta ile SUV imepaki na taa zinawaka. Akadhani ni mwenzake ametangulia. Akamsemesha. Jamaa akakodoa macho mbele, hakujibu. Askari akaendelea na nyumba aliyotumwa. Polisi kadanganyika na gari la polisi bandia, wakiwa dirisha kwa dirisha.

Kwa hiyo huku tunachotegemea ni simu, siyo macho. Askari kabla ya kukusimamisha huwa anataja namba yako na mahali alipo kwenye redio. Unawasha hazadi, unapunguza mwendo, unapiga 911, unamwambia anayepokea: niko barabara fulani, kuna gari lisilo na alama linanisimamisha, ni lenu? Anaona kwenye mfumo wake. Kama ni lao atakwambia simama, na atamwambia askari kwamba uko naye hewani. Nawasikitikia wenye hiyo huduma ambao hawajui kwamba wanayo.

Shangazi wa Goba

Wanangu, mnazungumza kama dereva ni mwanaume siku zote. Mwanamke peke yake usiku barabara ya Goba hata akiwa polisi kweli si mwisho wa hofu.

Nina mtoto London. Yule askari wa kule, Wayne Couzens, Machi 2021 alimsimamisha Sarah Everard kwa kitambulisho halisi na pingu halisi. Alikuwa askari kweli. Gari ndilo lilikuwa la kukodi. Alimteka, akambaka, akamuua, akafungwa maisha bila kutoka. Polisi wao wakatoa ushauri kwamba mwanamke akiwa na shaka apige kelele au asimamishe basi, wanawake wakawajia juu, na wana haki. Baadaye wakaweka utaratibu kwamba askari wa kiraia akiwa peke yake ndiye awapigie makao yake kwa video, mbele ya huyo mwanamke, ili athibitishwe. Hapo mzigo umewekwa kwa mwenye pingu.

Binti yangu anasema tena kwao gari la kiraia likikuwashia taa, sheria inayokulazimisha kusimama inamtaja askari mwenye sare. Bila sare, unaendelea taratibu na kupiga 999.

Mimi huku nafanya hivi: nikitoka Mbezi usiku natuma mahali nilipo kwa WhatsApp kwenye kundi la familia, ile inayotembea, mpaka nafika getini. Milango imefungwa tangu nawasha gari. Na sheli ninazozijua zina walinzi, najua ipi iko upande gani.

KijanaWaChanika

Sawa shangazi, heshima kwako. Utani pembeni sasa. Swali ambalo hakuna aliyelijibu: wakikuovateki wakakuziba mbele je? Hapo hazadi inasaidia nini?

Nyayo za Lori

Ndiyo maana unapunguza mwendo mapema ukiwa bado na nafasi. Na usisimame ukagusana na mwenye kukuziba. Acha nafasi kiasi kwamba unaona matairi ya nyuma ya gari lake yanakanyaga lami. Hapo bado unaweza kukata usukani ukatoka bila kurudi nyuma. Usizime gari, gia iwe tayari, taa ya ndani iwashe ili waone mikono yako iko juu ya usukani. Askari wa kweli anatulia akiona mikono.

Wakishatoa silaha kwenye dirisha lako, fanya wanachosema. Gari na mzigo vina bima. Nimewaona waliobishana.

Bint Tanga

Na kama wanachokitaka si gari?

Nyayo za Lori

Hapo ni kelele, kama ulivyosema wewe mwenyewe kuhusu Kiluvya. Jina lako kwa sauti, jina la mtu wa kupigiwa simu, namba ya gari lao. Anayesikia alisambaze.

Mto Wami

Asanteni wote. Nabaki na moja kwa Mzee Kombati. Huku kwetu 112 ipo, lakini mimi niko Ruvu usiku, anayepokea hajui Prado gani liko nyuma yangu. Ukiwa wewe ndiye uko zamu kituoni, nikupigie nikwambie nini ili unisaidie badala ya kunihoji?

Mzee Kombati

Swali zuri. Kwanza uwe na namba. Ukiingia kituo chochote, kaunta pale ukutani huwa zimebandikwa namba za mkuu wa kituo, OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na RPC (kamanda wa polisi wa mkoa). Piga picha. Kwa njia unayopita kila mara, uwe nazo za Kibaha, Chalinze na Morogoro, ziandike majina yanayoeleweka, siyo "polisi 1", "polisi 2".

Ukipiga, usianze na "afande nafuatwa na watu wasiojulikana". Hapo nitakuuliza maswali kumi kabla sijainuka kwenye kiti. Anza na mahali: "Niko barabara kuu, nimepita Ruvu naelekea Mlandizi." Halafu gari lako, rangi na namba. Halafu lao, rangi, aina, namba kama umeiona. Halafu sema unachofanya: "Nimewasha hazadi, naenda 40, nitasimama kwenu kituoni." Mwisho ndipo uulize: "Je, mna gari barabarani linalonisimamisha?"

Kama ni letu, nitawaambia waliomo. Kama si letu, nitataka kuliona likiingia na wewe hapo getini. Na usikate simu, iweke juu ya kiti, niendelee kusikia.